Mlango Uliobaki Wazi: Mzazi na Kurejea Nyumbani katika Ironweed ya William Kennedy

Makala haya yanachunguza usawiri wa mzazi mlevi anayerejea kwake katika riwaya ya William Kennedy, Ironweed (1983), iliyotunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1984. Ni rahisi kuisoma kazi hii kama kisa cha mwana mpotevu aliyezeeka. Kwa mtazamo wetu, usomaji huo unaipunguzia uzito. Swali la Kennedy si iwapo jamaa watamsamehe mkosaji, bali iwapo mkosaji ataweza kuubeba msamaha aliokwisha kupewa.

Matukio yanatokea mjini Albany, jimbo la New York, mwaka 1938, kuanzia mkesha wa Watakatifu Wote hadi Siku ya Marehemu Wote. Francis Phelan, aliyewahi kuwa mchezaji wa besiboli, sasa ni mzururaji anayelala popote usiku unapomkuta. Mwaka 1916 mwanawe Gerald, mchanga wa siku 13, alimponyoka mikononi alipokuwa akimbadilisha nepi. Mtoto akafa, naye baba akatoroka, akawaacha mke na watoto wawili.

Ikumbukwe kwamba Francis hakubali kuwa pombe ndiyo iliyomwangusha mtoto. Ulevi wake mkubwa na ukosefu wa makao ni hukumu anayojitolea mwenyewe, bila hakimu. Ndiyo maana, ingawa riwaya inapoanza hanywi, bado hathubutu kwenda kwake. Hapa Kennedy anatenganisha mambo mawili ambayo mahubiri mengi dhidi ya ulevi huyachanganya: kuacha chupa na kurudi nyumbani. La kwanza ni la mwili. La pili lahitaji mtu amtazame aliyemkosea usoni. Kwa hiyo safari ya Francis inaanzia makaburini, anakofanya kibarua cha siku moja na kusimama kwa mara ya kwanza mbele ya kaburi la Gerald. Wafu wa riwaya hii wananena, na kupitia mtoto mwandishi anampa baba kazi ya kulipia kosa lake.

Ujio wenyewe umesawiriwa kwa vitu vidogo. Francis anafanya kazi na mkusanyaji wa vitu kuukuu, na kwa ujira wake ananunua bata mzinga wa kupeleka nyumbani. Anaoga, kisha anavaa nguo zake za zamani zilizohifadhiwa sandukuni. Vitu hivi vyatuonyesha kuwa nafasi yake haikufutwa. Annie, mkewe, hakuwa amemtangazia mtu jinsi mtoto alivyokufa. Ukimya huo wa miaka ndio msamaha, nao unamlemea Francis kuliko lawama. Binti yake Peg, kinyume chake, anamkabili kwa hasira kabla ya kulegea, na ni kwa hasira hiyo msomaji anapata kupima hasara ya watoto walioachwa.

Hata hivyo, kasoro haikosi. Annie amechorwa akiwa mwema mno. Hatuoneshwi vya kutosha gharama aliyolipa kwa kunyamaza na kulea peke yake, wala mashaka ambayo mke yeyote angekuwa nayo. Uzito wa malalamiko umetwikwa Peg peke yake. Mwandishi aliyemsikiliza mzururaji kwa makini hivyo alipaswa kumsikiliza pia aliyebaki na mji.

Tamati ndiyo fumbo kuu. Baada ya chakula Francis anaondoka tena. Usiku unaleta vifo na mauaji, naye anajikuta katika behewa la mizigo. Mara tunamwona darini kwa Annie, akifikiria kitanda kidogo katika chumba cha mjukuu, chumba kinachopata mwanga wa asubuhi. Je, amerudi au anaota? Maneno ya mwisho yamejengwa kwa hali ya masharti. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua kati ya -nge- na -ngali-. Akitumia -ngali-, amekwisha kuufunga mlango. Sisi tungechagua -nge-, kwa kuwa riwaya haidai kwamba Francis ameijenga upya familia yake. Inadai tu kwamba kitanda kinaweza kutandikwa. Kwa mtu aliyekaa miaka 22 akiamini hastahili hata hilo, hatua hiyo si ndogo.