Tupu na Sifuri

Sijaona mtu anayesoma msimbo polepole kama fundi mmoja tuliyezoea kumwita Mwalimu. Kijana akimletea mistari michache ya programu, Mwalimu alivuta kiti, akamwachia kijana kibodi, kisha akauliza: "Ukiondoka, huu atausoma nani?" Hakumnyang'anya mtu kibodi. Aliyekosea alisahihisha kwa vidole vyake mwenyewe, mwenzake akiwa pembeni.

Kazi ya wawili kwenye kompyuta moja ilivumishwa na kina Kent Beck kule Marekani miaka ya 1990. Mimi niliiona thamani yake kwenye DHIS2, programu huria ya takwimu za afya yenye asili ya Afrika Kusini, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameitumikia kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukiandika ovyo, atakayehangaika ni mtu wa nchi nyingine usiyemjua.

Kwenye kazi hiyo Mwalimu alikuwa na sharti moja. Kabla ya kugusa fomu ya zahanati, uende zahanati. Ndivyo tulivyojikuta upande wa Kilwa Kivinje, katika chumba chenye benchi moja, mbele ya muuguzi mtu mzima na vitabu vyake vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma za afya, vilivyochakaa pembe. Alikuwa akihesabu wagonjwa wa mwezi kwa vijiti, vitano vitano, na kujaza jedwali. Kijana wetu akaona visanduku vingi vitupu.

"Mama, hapa mbona hujaandika kitu?"

"Hapo hakuna mgonjwa, mwanangu. Nikijaza sifuri kote huko, hawa walio nje nitawahudumia saa ngapi?"

Kijana akanyamaza. Mwalimu naye hakusema neno, na nadhani kunyamaza kule ndiko kulikokuwa somo lenyewe. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka anayeuandaa mfumo aamue hivyo kwa kila kipengele. Basi anayetazama takwimu akiwa Lindi mjini, makao makuu ya mkoa, hawezi kujua kama malaria haikuwapo au haikuhesabiwa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, kisanduku kitupu kilikuwa na maana gani? Wagonjwa wamepona, au wameshindwa kufika?

Jioni ya siku ile ya zahanati, Mwalimu na kijana walikaa wakabishana juu ya kisanduku kimoja hadi taa za jenereta zikazimwa. Kesho yake wakamrudia yule mama kumwonyesha walichofikia, akawakatalia nusu yake, wakaanza upya. Hakuna aliyelalamika.

Siku hizi mashine huandika kurasa nzima za msimbo kwa dakika, na anayepaswa kuzisoma hubonyeza kukubali huku akijibu ujumbe wa simu. Siilaumu mashine. Kinachoniuma ni kijana kupewa fomu ya Kilwa ilhali hajawahi hata kushuka basi Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, na hana wa kumvutia kiti. Mwalimu amestaafu. Nafasi yake iligawanywa kati ya watu watatu wenye shughuli nyingine, na bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa na fungu la leseni za programu, bila hata senti ya nauli ya Kivinje.