Anza na Kivuli: Kuijua Picha Bora ya Mandhari Nyeusi na Nyeupe

Ukipewa picha ya mandhari iliyopigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe, usikimbilie mlima. Isogeze penye mwanga wa kutosha, kisha tafuta pale penye giza kuliko pote: chini ya mwamba, katikati ya mashina ya miti, ukingo wa ziwa usiopata jua. Kodoa macho hapo. Ukiona nyufa za jiwe, majani, au walau mkunjo wa ardhi, mpigaji alijua anachokifanya. Ukikuta weusi mtupu palipopaswa kuwa na kitu, hata mlima ungekuwa mzuri vipi, sehemu hiyo imekwenda. Mwanga haukufika kwenye filamu, na hakuna fundi wa chumba cha giza awezaye kukitoa kisichokuwemo.

Wapenzi wa kamera za zamani za filamu ya 120, yaani Rolleiflex, Hasselblad, Mamiya, Yashica na wenzao, husifu sana ukali wa picha zake. Ukali upo kweli. Negativu ya kamera inayopiga picha za mraba ina kiasi cha milimita 56 kila upande, wakati ile ya filamu ya milimita 35 ni 24 kwa 36; eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ila kwangu mimi ukali ndio sifa ndogo. Kubwa ni namna kijivu kinavyohama kutoka mwangani hadi kivulini bila kuruka. Fuata ubavu wa jabali kwa jicho, polepole. Kijivu kikipita taratibu, jiwe linapata uzito na unene. Kikikatika ghafla, jabali linalala bapa kwenye karatasi.

Picha ya kujifunzia haya ni "Moon and Half Dome", aliyoipiga Ansel Adams mwaka 1960 huko Yosemite, California, kwa Hasselblad na lenzi ndefu ya milimita 250. Jua la alasiri linalipiga jabali la Half Dome, kivuli kizito kimeziba upande wa kushoto, na mwezi umesimama kwenye anga lililokolea. Utazame mwezi wenyewe: una madoa yake, haukuungua ukawa kitobo cheupe. Rudi kwenye uso wa jabali uone michirizi ya mawe inavyosomeka. Anga lilikolea kwa sababu Adams alitumia filta ya rangi ya chungwa.

Hapo kwenye filta ndipo wengi wanapojikwaa. Filamu nyeusi na nyeupe huipokea bluu kwa wepesi kuliko jicho letu, hivyo anga lisilowekewa filta hutoka jeupe na mawingu yanapotelea humo. Filta ya njano hulituliza kidogo, ya chungwa hulikoza, nyekundu hulifanya karibu usiku, nayo hudai mwanga takriban mara nane. Lakini kivuli cha mchana mweupe huangazwa na anga lile lile la bluu. Kila unapolikoza anga, unakinyang'anya kivuli chakula chake. Ndiyo maana nikiona anga jeusi la kutisha juu ya bonde lililozibwa, najua filta imetumika kwa tamaa. Kwa mandhari nyingi njano inatosha.

Kipimo cha mwanga nacho huchukulia kwamba kila kinachoelekezewa ni kijivu cha kati. Ukikielekeza kivulini na kukitii, kivuli kitatoka kijivu, kimekufa. Adams na mwenzake Fred Archer, miaka ya 1939 na 1940, waliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: pima kivuli unachotaka kisomeke, kisha kipe robo tu ya mwanga uliotajwa na kipimo. Kitakuwa cheusi chenye maelezo. Wazoefu wengine huipiga FP4 Plus, filamu ya ISO 125, kana kwamba ni ya 64, ili kivuli kishibe.

Ukiweza, omba uione negativu. Huko mambo yamegeuka: kivuli ndicho sehemu nyepesi, na isiwe uwazi mtupu. Kisha ilaze juu ya gazeti. Pale palipokolea zaidi, herufi zionekane kwa shida, lakini zisomeke. Zikipotea kabisa, filamu ilikaa kwenye dawa kupita kiasi, na mawingu yatatoka kama chokaa.

Kamera yenyewe haihitaji maneno mengi. Ikiwa imetunzwa pwani, Mombasa au Unguja, jambo la kwanza ni kuvu, maana unyevunyevu huiotesha ndani ya lenzi. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, utafute nyuzi zinazofanana na utando wa buibui. Zikiwepo, vivuli vitafifia kwa ukungu. Kisha weka shata kwenye sekunde moja na usikilize. Mafuta yaliyoganda huifanya ijikokote, na picha yako ya jioni itaungua kwa mwanga.

Mwisho ni ukubwa. Michael Kenna, Mwingereza aliyezunguka na Hasselblad hadi Hokkaido, kwa miaka mingi amesafisha picha zake mwenyewe kwa ukubwa wa takriban sentimita 20 kwa 20. Kwa udogo huo mtazamaji hulazimika kusogea hadi pumzi yake iguse kioo, na kila kijivu kinasimama kujitetea. Picha ya mita moja ukutani humshinda mtu kwa ukubwa wake kabla hajaanza kuitazama. Muuzaji akikuonyesha hiyo, mwombe kwanza ile ndogo iliyosafishwa kutoka negativu hiyo hiyo, uitazame dirishani mchana, mbali na taa za ukumbi.