Chelezo Kwanza: Uchambuzi wa Utekelezaji wa Mradi wa MV Mwanza

Tarehe 3 Septemba 2018, jijini Mwanza, Serikali ya Tanzania ilitia saini mikataba minne kwa siku moja, thamani yake kwa jumla ikikaribia shilingi bilioni 152: wa kuunda MV Mwanza, meli mpya ya Ziwa Viktoria, wa kujenga chelezo cha kuiundia na kuishushia majini meli hiyo, wa kuikarabati MV Victoria, na wa kuikarabati MV Butiama. Mkazi wa Kitendaguro, Bukoba, au wa Muleba asiye na nauli ya ndege, ambaye tangu MV Victoria iliposimama mwaka 2014 alikuwa hana njia ya kwenda Mwanza ila basi lizungukalo kwa Biharamulo, aliipokea habari hiyo kwa furaha iliyochanganyika na hadhari, kwa maana watu wa Bukoba hawaizungumzi meli bila kuikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa imekaribia Mwanza, ikapotea na mamia ya roho.

Nia yangu ni kuutazama utekelezaji wa kazi hiyo kwa jicho la msimamizi wa mradi, yaani mtu aliyekabidhiwa fedha, muda na watu, na ambaye kila siku hukutana na jambo ambalo halikuandikwa katika mpango wake.

La kwanza, na kwangu mimi ndilo lililo kubwa kuliko yote, ni ule uamuzi wa kuigawa kazi. Lau kama ukarabati wa meli kongwe ungalifungwa katika mkataba mmoja na uundaji wa meli mpya, basi kila taksiri iliyoipata hiyo mpya ingaliziburuta na zile kongwe, na abiria wa Bukoba angaliendelea kungoja gatini pasi na chombo chochote. Kwa kuwa kazi zilitengwa, kila moja na mkataba wake, MV Victoria, meli iliyounganishwa Kisumu na kuanza safari zake mwaka 1961, ilirejea katika huduma mwaka 2020 pamoja na MV Butiama, ilhali meli mpya ilikuwa ingali mifupa ya chuma juu ya nchi kavu. Mgawanyo huo una gharama yake, wala haifai kuificha: wakandarasi wengi ni mipaka mingi, na kila mpaka ni mahali ambapo huyu humtupia yule lawama. Dawa yake ni msimamizi kuandika mapema, kwa kalamu isiyo na shaka, ni kazi ipi inayoingoja kazi ipi, na nani atakayelipa mngojeo huo. Chelezo ni mfano ulio wazi. Meli ya urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, yenye kuchukua abiria 1,200 na shehena ya tani 400, haiwezi kushushwa ziwani pasipo chelezo cha kuhimili uzito wake. Hivyo siku moja ya kuchelewa kwa saruji ya chelezo yaweza kuwa mwezi mzima wa kuchelewa kwa meli.

La pili ni umbali. Ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini, na kwa sababu hiyo kila chombo kikubwa kilichowahi kuelea juu yake kililetwa vipande vipande. Meli ya William Mackinnon, iliyofika Mombasa katika miaka ya 1890, haikushushwa majini Kisumu hata mwaka 1900. Kampuni ya Gas Entec ya Korea ya Kusini, iliyopewa kazi ya MV Mwanza ikishirikiana na Kangnam ya huko huko na SUMA JKT ya hapa nchini, ilirithi taabu ile ile ya jiografia, na juu yake likaja janga la Korona mwaka 2020, likafunga viwanda, likazuia mafundi kusafiri na likakawiza mitambo iliyokuwa ikiagizwa ng'ambo. Janga hilo hakuna aliyelitabiri. Lakini kuchelewa kwa shehena ya ng'ambo ni jambo la kutabirika daima, na msimamizi mwenye busara huagiza kwanza vile vinavyochukua muda mrefu kutengenezwa, yaani injini na mashine za umeme, kabla hata bamba la kwanza la chuma halijachomelewa.

Na tuliangalie bamba hilo kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo fedha na ubora hukutana. Bamba hukatwa, hukunjwa kwa umbo la ubavu wa meli, hushikizwa kwa nukta chache za moto, kisha huchomelewa kikamilifu. Mkaguzi huja akautazama mshono, na ule ulio mahali pa hatari huupima kwa mionzi au kwa mawimbi ya sauti, na ukionekana una tundu ndani yake, huchimbuliwa na kurudiwa. Rangi haipakwi juu ya mshono kabla ya hapo. Mkandarasi aliyecheleweshewa hati yake ya malipo hupunguza mafundi, na waliobaki huharakishwa; na pale haraka inapoingia, mkaguzi huanza kuonekana kuwa adui wa kazi. Kwa hiyo kulipa kwa wakati kazi iliyokwisha kukaguliwa, na kukataa katakata kulipia isiyokaguliwa, ni wajibu mmoja wenye pande mbili, na anayeulegeza upande mmoja ameulegeza na wa pili. Katika ziwa lililoimeza MV Bukoba, na ambalo tarehe 20 Septemba 2018, siku kumi na saba tu baada ya mikataba ile kutiwa saini, liliimeza na MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, naona ni halali mradi kuchelewa mwaka mzima kwa ajili ya mshono mmoja.

Ila kuchelewa huko sharti kutangazwe. Mkataba wa meli ulikuwa wa miezi 24; meli ilishushwa majini tarehe 12 Februari 2023, na kazi za ndani zikaendelea baada ya hapo. Tarehe ikitolewa kwa umma peke yake, bila masharti yake, huwa ahadi. Na mfanyabiashara wa ndizi wa Kagera huipangia mtaji. Mkungu uliokwisha kukatwa haungoji: baada ya siku chache huiva, na bei yake Mwanza huanguka. Mtu huyo angeridhika zaidi na kauli kwamba meli itaanza miezi kadha baada ya mitambo fulani kufika, kuliko kupewa mwezi na mwaka ambao utabadilishwa tena na tena.

Kuhusu kubadili usanifu nitasema kidogo. Mradi wa umeme wa Rusumo, wilayani Ngara, katika mkoa huo huo wa Kagera, ulipunguzwa kutoka megawati 90 hadi 80 ili maji yasifunike mashamba mengi ya watu, na mageuzi hayo yalifanywa wakati ujenzi haujaanza. Hapo ndipo mahali pake. Katikati ya kazi, badiliko kama hilo lingezaa madai yasiyokwisha.

Linalobaki ni gati. Meli ni ya kampuni ya meli, bali bandari za Bukoba na Kemondo ni za Mamlaka ya Bandari, nazo zilihitaji kupanuliwa ili chombo kikubwa namna ile kiweze kufunga. Msimamizi wa meli hana amri juu ya mhandisi wa bandari, wala huyu hana juu ya yule, na kila mmoja anayo bajeti yake na mkubwa wake. Katika hali hiyo ningependa kuona wote wawili wakikaa meza moja kila mwezi wakiwa na ratiba moja tu mbele yao, iliyoandikwa kina cha maji gatini na kina ambacho meli huzama ikiwa imejaa shehena, na jina la ofisi itakayojibu iwapo hesabu hizo mbili hazipatani.