Pete Tupu ya Milimita 24

Haina kioo ndani! Chungulia adapta ya Canon EF-EOS R, pete ya kufungia lenzi za zamani za EF kwenye bodi mpya za RF, unaona hadi upande wa pili: ukuta wa duara, hewa, na safu ya vinundu vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme. Basi, hakuna kingine. Na kitu hiki kitupu ndicho kimenizungusha kutoka Shinyanga mjini, Kahama, hadi Geita, begani mkoba wa lenzi za zamani, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Wanaopiga picha za harusi na send-off huku wanajua kwamba mali ni lenzi. Bodi huchoka, shata hufa, lakini ile EF 50mm f/1.8 ya mtumba inaendelea kulipa ada za shule. Ndiyo maana Canon walipotoa mfumo wa RF mwaka 2018, wengi waliona ni kufilisiwa. Wapi! Kamera ya zamani ina kioo kinachonyanyuka mbele ya sensa, hivyo lenzi ya EF imeundwa ikae milimita 44 kutoka pale inapofungwa hadi kwenye sensa. Kamera mpya haina kioo hicho, na nafasi yake ni milimita 20 tu. Toa hesabu: 24, ndio unene wa pete. Tena tangu EF ianze mwaka 1987, mota ya fokasi na tundu la mwanga vimo ndani ya lenzi na vinaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo adapta inapitisha mazungumzo tu.

Nikaipeleka kwa wacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe. Majembe yanarushwa juu, vumbi limesimama, watu wanageuka bila taarifa. EF 70-200mm f/2.8 kwenye EOS R6: fokasi ilimnasa jicho mchezaji wa mbele na haikumwachia hata jembe lilipomkatiza usoni. Jamani! Lenzi imezeeka lakini imekuwa kali kuliko ilivyokuwa kwenye bodi yake ya asili, maana sasa ukali unapimwa kwenye sensa yenyewe, si kwenye kijisensa cha pembeni kinachoweza kupishana nayo.

Subiri, kuna toleo la adapta hii lenye mlango wa filta. Unachomeka filta ya kupunguza mwanga ndani ya adapta, nyuma ya lenzi, na inahudumia kila lenzi ya EF uliyonayo, pana au nyembamba mdomo. Kwa video za saa saba mchana, jua la Geita likiwa limesimama utosini na wewe unataka f/1.8, hii ni starehe. Kama ni ya kununua moja tu, nunua hii.

Halafu nikafunga Helios 44-2, milimita 58, f/2, chuma cha Muungano wa Kisovieti chenye nyuzi za M42. Hapa adapta ni nyingine, ya M42, bomba la bati tu, haiongei na kamera. Lazima uingie kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, kisha fokasi ni ya mkono. Lakini majani ya ngitili, yale malisho yaliyotengwa, nyuma ya uso wa mtu yanazunguka kama kimbunga! Programu ya simu haitoi kitu hicho.

Wa Nikon nao wana adapta yao, FTZ, ila haina mota, kwa hiyo kwa lenzi zao za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, fokasi ni ya mkono. Kwa Canon, kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF kwenye bodi ya EF ingebidi izame mahali kioo kinapoishi.

Kasoro? Adapta moja ya bei chee niliyojaribu ilicheza kwenye shingo ya bodi, na lenzi nzito ikawa inaning'inia kidogo. Kwa 50mm sawa, kwa 70-200 hapana. Na kule Nyarugusu, Geita, karibu na karasha la machimboni linalosaga mawe, usithubutu kubadilisha lenzi hadharani. Unga ule unaingia popote. Mimi naiacha adapta kwenye bodi moja kwa moja, nabadilisha lenzi ndani ya gari, madirisha juu, feni imezimwa. Ya pili nimeshaagiza, ya bodi ya akiba.