Umri, Uzee na Uchakavu: Maoni juu ya Tafsiri ya Mswada wa Elimu ya Mifugo

Mapema mwaka huu uliletwa mezani petu mswada wa tafsiri unaoeleza utafiti wa jeni na kuzeeka kwa wanyama, hasa mifugo. Umekusudiwa maofisa ugani wa mifugo na walimu wa biolojia, nasi tuliombwa tuthibitishe istilahi zake kabla haujapigwa chapa. Mfasiri hatumtaji. Sentensi zake zimenyooka, upatanisho wa ngeli haukumshinda, na pale alipokosea, aghalabu alikosea kwa sababu sisi tuliopewa kazi ya kumtafutia maneno tulichelewa. Hata hivyo, mswada huu haufai kutoka kama ulivyo, na sababu kubwa ni istilahi moja ambayo kwa jicho la haraka haina dosari yoyote.

Wanasayansi hutofautisha umri wa aina mbili. Upo ule unaohesabiwa tangu siku mnyama alipozaliwa, na upo ule unaokadiriwa kwa kupima hali ya mwili wake. Mfasiri ameuita wa kwanza «umri wa kawaida» na wa pili «umri halisi». Neno halisi katika Kiswahili lina nguvu ya hukumu, kwa kuwa kilicho halisi hukifanya kingine kuwa cha bandia, au cha uongo. Sasa na tumfikirie ofisa ugani anayemwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake, anayejulikana na boma zima kuwa alizaliwa miaka sita iliyopita, «umri wake halisi» ni miaka minane. Mfugaji atafahamu kuwa ameitwa mwongo. Ng'ombe huyo akifikishwa mnadani, ambako wanunuzi hufungua kinywa na kuhesabu meno ili wakadirie umri na bei, neno hilo litamshusha thamani kwa kauli ya serikali. Zaidi ya hayo, si kweli. Kipimo cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya kondoo na kutangazwa mwaka 2021 hukosea kwa miezi mitano hivi. Kipimo kinachokosea kwa miezi mitano hakina haki ya kuitwa halisi mbele ya tarehe ya kuzaliwa. Tunapendekeza umri wa kalenda kwa ule wa kwanza na umri wa mwili kwa ule wa pili.

Jambo la pili ni kitenzi kuzeeka, ambacho mfasiri amekitumia kila mahali alipolikuta neno lile moja la lugha chasili, ingawa neno hilo hubeba mambo matatu. Mathalani ameandika kwamba «ndama huanza kuzeeka akiwa bado tumboni». Alichokusudia mwandishi ni kwamba mabadiliko yanayoambatana na umri huanza mapema. Mfasiri ametuzalia ndama mkongwe. Kiswahili hakina upungufu hapa. Tuna kuongezeka umri, ambako ni kupita kwa miaka tu, na ndama anakuwa nako. Tuna kuzeeka, yaani mwili kudhoofu na hatari ya kufa kuongezeka. Tena tuna kuchakaa, ambalo tungependa liwekwe kwa seli zilizokoma kugawanyika. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba seli za mtu zikikuzwa chupani hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma ilhali bado zi hai.

Tunakiri kwamba kuchakaa halikupita bila ubishi. Mwenzetu mmoja alisema kinachochakaa ni nguo na viatu, akapendelea «seli kongwe». Lakini kongwe siku hizi ni sifa: twasema mwandishi mkongwe, na mji ule wa Unguja unaitwa Mji Mkongwe kwa fahari. Seli hizi hazina fahari. Hubaki mwilini zikitoa kemikali zinazowadhuru jirani zao. Tumeshikilia kuchakaa, si kwa sababu halina kasoro.

Hasara ya kutotenganisha maneno haya inaonekana wazi katika sura inayomhusu Dolly, yule kondoo aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, Uskochi, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo jike wa miaka sita. Mfasiri ameandika: «Dolly alizaliwa akiwa mzee wa miaka sita.» Msomaji akimaliza sentensi hiyo hana haja ya kuendelea, maana hadithi imekwisha. Lakini lililotangazwa mwaka 1999 lilikuwa dogo kuliko hilo: telomea zake, yaani ncha za kromosomu ambazo hupungua kadiri seli zinavyogawanyika, zilikuwa fupi kuliko za kondoo wa rika lake. Dolly aliuawa kwa sindano tarehe 14 Februari 2003 kwa sababu ya uvimbe wa mapafu unaoletwa na virusi, maradhi ambayo huwapata hata kondoo waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Mwaka 2016 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa kondoo 13 waliozalishwa kwa njia hiyo hiyo, wanne kati yao wakiwa wametokana na seli za asili moja na za Dolly. Walikuwa na umri wa miaka saba hadi tisa na afya ya rika lao. Kwa hiyo aliyezaliwa na ncha fupi za kromosomu si lazima awe amezaliwa mzee. Mfasiri angalikuwa na maneno matatu badala ya moja, asingaliweza kuiandika sentensi ile hata kwa bahati mbaya.

Kosa hilo hilo limegeuzwa upande wa pili katika habari za fuko asiye na manyoya, mnyama wa Kenya, Ethiopia na Somalia. (Mfasiri amemwita «panya-fuko uchi», akifuata lugha chasili neno kwa neno, fuko anatosha.) Mnyama huyu, ambaye kwa umbo ni mdogo kama panya, huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba hatari yake ya kufa haiongezeki kadiri miaka inavyopita, na mfasiri akaandika kwa ufupi: «hazeeki». Lakini kurasa nne mbele anaeleza utafiti uliofuata, uliogundua kwamba alama za kikemia katika DNA yake hubadilika kwa umri kama za wanyama wengine, na kwamba kwa malkia wao hubadilika polepole zaidi. Mwalimu atakayeulizwa na mwanafunzi ni kurasa zipi za kuaminiwa atajibu nini? Kurasa zote mbili ni sahihi. Moja inasema juu ya hatari ya kufa, nyingine juu ya alama za umri.

Hapo ndipo tunapofikia epijenetiki, neno lililotugharimu vikao vitatu. Kiambishi chake cha kwanza ni cha Kiyunani, na maana yake ni «juu ya». Mfasiri kwa ari njema akaliswahilisha kuwa «elimu ya juu ya jeni». Msikilizaji wa Kiswahili atadhani ni shahada ya pili katika jeni, au ni elimu yoyote inayohusu jeni, kwa kuwa juu ya kwetu ni mahali, na vilevile ni «kuhusu», kama tulivyolitumia katika kichwa cha makala haya. Mahali pengine ameandika «mabadiliko ya urithi», na hapo kosa si la sarufi tena. Alama hizi, nyingi zikiwa vikundi vidogo vya methili vilivyoambatishwa juu ya DNA, kwa wanyama wanyonyeshao hufutwa kwa sehemu kubwa na kuandikwa upya mwanzoni mwa mimba. Kuziita za urithi ni kumfundisha mfugaji kwamba ndama wa ng'ombe mzee huzaliwa na uzee wa mama yake.

Sisi tumekubali epijenetiki ibaki, na maelezo yaambatane nayo. Kwa maelezo tunampa mfasiri mfano wa miswada ya kale ya pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Herufi be na te ni zile zile, lakini alama zinazowekwa juu na chini yake ndizo zinazomwezesha msomaji kusoma bata, bati au buti. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Alama ya methili aghalabu hufanya kazi ya sukuni: jeni ipo, haikufutwa, ila imenyamazishwa. Mfano huu una kikomo chake, maana mwandishi wa mswada hubadilisha alama kwa makusudi, na mwili hauna mwandishi.

Juu ya alama hizi ndipo kilipojengwa kile kinachoitwa «saa ya epijenetiki». Steve Horvath aliitangaza kwa binadamu mwaka 2013 akitumia sehemu 353 za DNA, na mwaka 2023 kikatolewa kipimo kimoja kilichotokana na aina 185 za wanyama wanyonyeshao. Saa tunaiacha, ijapokuwa hakuna anayeitazama kujua wakati. Kipimo cha umri wa mwili kingeeleza zaidi, nasi tumekiandika pembeni kwa penseli.

Sura ya kondoo waliohasiwa imetusikitisha kwa namna nyingine. Utafiti huo ulifanywa New Zealand, na ni ule ule wa mwaka 2021 tulioutaja. Ulionyesha kwamba kwa madume waliohasiwa alama za umri husogea polepole kuliko kwa madume kamili, jambo linaloafikiana na habari kwamba huishi muda mrefu zaidi. Mfasiri ameandika «kondoo wasio na jinsia» na kwamba kuondolewa jinsia «hurudisha ujana». Kuhasi ni kitenzi anachokijua kila mchunga mbuzi. Ng'ombe aliyehasiwa tunamwita maksai, hata watoto wanalijua jina hilo. Na kilichopunguzwa ni mwendo. Hakuna kondoo aliyerudi nyuma.

Mswada umekwisha rudishwa kwa mfasiri pamoja na orodha ya maneno 41, na ameahidi kuupitia. Limebaki swali moja ambalo hatukuweza kulijibu tukiwa ofisini. Mtamba, mori na mfarika ni maneno ya umri wa mnyama jike aliye kijana, na kamusi zinayo. Kwa jike aliyekoma kuzaa kwa sababu ya miaka tumelikuta «ng'ombe mzee» tu, ambalo ni maelezo. Wasomaji walio karibu na wafugaji, katika lugha yoyote ya nchi hii, wanaombwa watuletee neno wanalolisikia bomani, pamoja na sentensi moja linamotumika.