Magunia Yamejaa, Mfuko Mtupu: Ibada katika Hadithi Zetu

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Miswada mingi tunayosomeana sisi chipukizi wa Nachingwea na Ruangwa ina sura moja inayofanana kama mapacha. Mhusika amefiwa, au ameachishwa kazi, au mazao yake yamekosa soko. Analia kurasa tano nzima. Halafu anaingia kanisani, anapiga magoti, kwaya inaimba, na ukurasa unaofuata mjomba anashuka kwenye basi la Dar es Salaam na bahasha ya pesa. Shida kwisha. Hivi jamani, hayo ndiyo maisha tunayoishi?

Kabla hamjanirushia mawe, nianze na langu. Mimi pia nina muswada, na msichana wangu anaitwa Anna. Katika sura ya tisa Anna anasali usiku kucha, na asubuhi mjomba huyo huyo anabisha hodi. Nilijiona fundi. Nikampa mama asome, maana yeye ni mwanakwaya tangu sijazaliwa. Akasoma kwa mwanga wa kibatari, akafunga daftari, akaniuliza, "Mwanangu, huyu Anna anamwabudu Mungu au anamwabudu mjomba wake?" Sikuwa na jibu. Nilikaa mwezi mzima bila kuandika neno.

Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2017 India iliwekea mipaka uingizaji wa mbaazi kutoka nje, na huku kwetu Kusini bei ikaporomoka. Kwetu magunia yalipangwa ukutani hadi panya wakahamia. Ada ya mdogo wangu ilitegemea magunia hayo. Basi jioni za mazoezi mama alioga, akajitanda kanga, akaenda kwaya kama kawaida. Mimi nilinuna. Nilidhani anakimbia shida. Siku moja nikamfuata, nikakaa dirishani kwa nje, nikawasikia wakitunga wimbo wao wenyewe. Kiitikio kilikuwa hiki: "Magunia yamejaa, mfuko mtupu, Bwana, tumekuja."

Hebu tuutazame kwa macho ya uhakiki, kama tulivyofundishwa shuleni, fani na maudhui. Kwanza, shida imetajwa kwa jina lake. Hawakusema "majaribu" wala "mawimbi ya dunia," maneno ambayo kila mtu anaweza kuyaweka popote. Wamesema magunia, wamesema mfuko. Pili, kuna kinyume: kujaa na kuwa tupu katika mstari mmoja, na ndicho kichekesho kichungu cha mwaka ule. Tatu, na hapa ndipo uzito ulipo, hawakusema "tumeshinda." Wamesema "tumekuja." Nguvu yao yote imo katika kitenzi hicho kidogo. Mtu aliyekosa bei angeweza kabisa kubaki kitandani, akageukia ukuta. Yeye amekuja.

Msidhani jambo hili walilibuni akina mama wa kijijini kwetu. Biblia yenyewe ina ufundi huo, ila tunausoma haraka haraka. Nabii Habakuki, katika sura yake ya tatu, hafiki kwenye furaha mpaka amehesabu hasara: miti ya matunda, mashamba, mifugo, kimoja kimoja, vyote havina kitu. Ndipo anasema atamfurahia Mungu wake. Na hasemi kwamba mazao yalirudi! Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, hakuna mjomba wala bahasha. Hata hivyo waumini waliitunza miongoni mwa sala zao kwa karne nyingi. Hawakuitoa eti inavunja moyo.

Kuna mshairi ambaye sisi wa huku tungepaswa kumjua zaidi, Mathias Mnyampala. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, naye ndiye tunayemkumbuka kwa ngonjera. Aliiweka Injili katika utenzi, na Utenzi wa Enjili Takatifu ukachapwa mwaka 1963 na mitambo ya misheni ya Ndanda, hapa hapa jirani. Baadaye akazitungia utenzi zaburi pia. Fikirini kazi hiyo: kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani minane, na kina cha mwisho kinachorudi toka mwanzo hadi mwisho. Kuomboleza ndani ya kipimo kama hicho ni kukataa kutawanyika. Huzuni ipo, lakini imeshikwa mkono.

Na Ndanda yenyewe haikuanza katika raha. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa. Waliozichoma nao walikuwa na uchungu wao, wa kodi na kulimishwa kwa nguvu, na walikuwa na imani yao katika yale maji. Njaa ikafuata, ikawapiga wote. Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906. Ukiandika riwaya ya imani katika nchi hii ya Kusini halafu usiweke hata harufu ya moshi, umeruka kitu.

Tazameni pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Jina hilo ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Yaani mwandishi ameweka sala kwenye jalada, kisha akakataa kuitumia kama dawa ya haraka. Rosa hakuokolewa na mjomba. Anakufa, na swali la lawama ni la nani linapelekwa mpaka mbele ya Mungu. Wako waliosema kitabu kinapotosha. Mimi naona kinamheshimu Mungu kuliko sura yangu ya tisa, maana kinamuuliza swali la kweli.

Rafiki yangu mmoja amenibishia: "Watu wana shida za kutosha bwana, wakisoma wanataka faraja." Sawa. Lakini faraja ya uongo haikai hata usiku mmoja. Mwaka ule wa mbaazi, faraja niliyoiona ilikuwa na miguu. Wanakwaya walitoka mazoezini wakajua nani hajapika. Jirani yetu Mwislamu, ambaye naye magunia yake yalikuwa yanaliwa na panya, alituletea unga bila kuombwa, na baba yake alipofariki kwaya nzima ilikwenda kukaa msibani. Bei haikupanda kwa sababu hiyo. Mdogo wangu alichelewa shule muhula mzima. Ila hakuna aliyebaki peke yake na panya wake.

Basi, mwandishi mwenzangu, ukimpeleka mhusika wako kanisani, usimtoe na bahasha. Mtoe na sauti iliyokauka kwa kuimba, na vumbi jekundu miguuni, na deni lile lile. Halafu tuonyeshe kilichobadilika ndani yake, kama kipo.

Mimi nimeifuta sura ya tisa. Sasa Anna anatoka kanisani, anakuta mvua imeanza, anakimbilia kufunika magunia. Mama ameisoma. Hakusema nzuri wala mbaya. Ameomba sura ya kumi.