Dau la Mnyonge Katika Nchi Isiyo na Bahari

Methali isemayo “Dau la mnyonge haliendi joshi” hufundishwa Meru na Embu kama kwingineko nchini Kenya. Tumewahi kuwauliza wanafunzi wetu wa huko dau ni nini, nao wengi wakajibu bila kusita: ni fedha iwekwayo katika kamari. Hivyo kwao methali husema kwamba maskini hashindi mchezo. Jibu hilo si la kupuuzwa, lakini halitoshi.

Sauti ni moja, maneno ni mawili. Dau la kwanza ni chombo kidogo cha baharini, chenye ncha mbele na nyuma, kijulikanacho sana Lamu na visiwa jirani. Dau la pili ni la mchezoni. Tukitia kiambishi ki-, fumbo huzidi: kidau ni chombo kidogo zaidi, na kidau pia ni kichupa cha wino, neno lenye asili ya Kiarabu. Mtunzi stadi aweza kumvusha mtu kwa kidau, na kuisimulia safari hiyo kwa kidau.

Katika methali yetu, hata hivyo, mwamuzi ni neno joshi. Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukabili upepo, kazi itakayo tanga zima, kamba imara na mabaharia wa kutosha. Mnyonge hana hivyo. Ni kweli kwamba wengine huongeza “likienda joshi ni Mungu kupenda”, na hapo bahati huingia. Lakini huingia baada ya zana kukosekana. Asomaye kamari humlaumu mnyonge kwa kucheza. Asomaye chombo huuliza kwa nini tanga lake limechakaa. Kwa mtoto wa mkulima aliyekosa karo, tofauti hiyo si ndogo.

Wameru wanayo masimulizi ya kutoka Mbwa, ambamo maji hugawanyika kwa fimbo ya kiongozi na watu wakavuka kwa miguu. Bahari imo, chombo hakimo. Embu nayo yapakana na Mto Tana, uingiao Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Basi mwalimu asidhani kwamba bahari ni ngeni kwa wanafunzi hawa. Aanze na maji wayajuayo, awachoree dau, tanga na upepo, ndipo aitaje methali. Kamusi itawapa maana zote mbili. Kuchagua ni kazi ya msomaji, naye hana budi kulisikiliza neno la mwisho.